Nilivyopoteza historia ya klabu ya Mzee Alan nikiwa Muscat

Wakuu, habari za mida hii.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jambo hili nimelibeba muda mrefu, na hata mke wangu analijua nusu tu. Sitaongeza chumvi. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini mimi, kati ya watu wote, sithubutu kuongeza.

Niliingia Muscat 1997 kwa mkataba wa uweita kwenye klabu moja ya Waingereza pale Madinat Sultan Qaboos. Jina la klabu niachieni. Kulikuwa na pool, baa, meza ya snooker, na Ijumaa mchana wanachama walikula nyama ya kuoka na mchuzi mzito kwenye joto lile la kuua.

Sisi wafanyakazi tulilala Ruwi, Wakenya sita chumba kimoja.

Huko klabuni ndiko nilikojuana na Mzee Alan. Alikuwa fundi wa kreni, amefiwa na mke, anaishi peke yake mtaa wa Azaiba. Kila Ijumaa asubuhi, kabla wenzake hawajajaa, alikuja na boksi moja kubwa la kadibodi, anaagiza chai, anakaa nalo kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

Siku moja nikamuuliza kuna nini ndani.

"Mji wetu," akasema.

Kwao ni mji wa pwani kaskazini mwa Uingereza, lakini futeni picha ya pwani mnayoijua. Pale meli ziliundwa, chuma kiliyeyushwa, na bahari ilitema makaa ya mawe ufukweni, watu wanayaokota na kuyabeba kwa baiskeli wakawashe moto nyumbani.

Kila mtaa ulikuwa na klabu ya wafanyakazi. Si baa tu. Unaomba uanachama, kamati inakujadili, ukikubaliwa unasaini kitabu mlangoni kila unapoingia. Mwanachama akifa, mchezo wa bingo ulisimamishwa watu wakae kimya. Wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi, jiko la klabu ndilo lililolisha watoto wa mtaa.

Viwanda vikafungwa, klabu nazo zikafa moja moja. Ile ya kina Alan ilipokaribia kubomolewa, katibu wa mwisho aliuliza nani anataka makaratasi. Alan peke yake ndiye aliyejibu. Basi likatumwa Oman boksi zima: vitabu vya vikao tangu enzi za babu yake, rejista ya wanachama na picha.

Alitaka kuandika kitabu. Mimi nilikuwa nimesomea kutaipu Nakuru. Tukaanza, yeye anasoma, mimi nataipu kwenye kompyuta ya ofisi.

Ruhusa alitupa Mzee Nasir, meneja wa ofisi, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Alikuwa akipita anatutazama, anacheka. "Haya, Mkenya na Mngereza, mshafika mwaka gani leo?"

Wakuu, nilizipenda zile Ijumaa. Kuna kikao kimoja baba yake Alan alifungiwa uanachama mwezi mzima kwa kusema hadharani kwamba mwenyekiti anamwagilia mboga zake bia ili zishinde mashindano ya bustani. Alan alicheka mpaka akatoa miwani.

Baba yangu mimi alifanya kazi kiwanda cha saruji maisha yake yote, na hakuna daftari popote duniani lililoandika alisema nini. Labda ndiyo maana nilijitolea vile.

Mwaka 2002 Mzee Alan akaanza kusahau. Kwanza maneno. Halafu siku moja akapotea akitoka dukani, palepale Azaiba, barabara aliyoipita kila siku. Binti yake, Karen, akaja kumchukua.

Siku ya kuaga, Alan alinisukumia lile boksi.

"Nikienda nalo nitalisahau kwenye treni," akasema. "Malizia, Josphat. Kisha tuma kila kitu maktaba ya mjini kwetu."

Chumbani Ruwi hapakuwa na nafasi hata ya kiatu cha ziada. Nikaliweka stoo ya klabu, nyuma ya viti vibovu.

Mzee Nasir akaniona. "Andika jina lako juu ya hilo boksi, mwanangu. Nna miaka mingi na hawa mafundi. Wakija kutengeneza hawaulizi."

"Nitaandika kesho, mzee."

Sikuandika kesho. Wala keshokutwa. Sina sababu ya kuwapa. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Wiki chache baadaye mama yangu akafariki. Nikaenda Kenya kuzika, nikakaa mwezi mzima. Niliporudi, stoo haikuwepo. Ilikuwa ukumbi wa mazoezi, vioo ukuta mzima, zulia jipya. Nilisimama pale nikajiona kwenye vioo mara tano.

Mzee Nasir naye alikuwa likizo wakati wa ukarabati. Msimamizi wa mafundi akaniambia, "Karatasi za zamani? Khalas, zimeenda jaani." Nikachukua teksi mpaka jaani, nje ya mji. Tingatinga lilikuwa linasukuma mchanga juu ya taka. Nikatembea pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri na shati la kazi. Sikupata hata ukurasa mmoja.

Nikajipa moyo: disketi tuliyohifadhia kazi yetu ipo. Theluthi mbili tulishazitaipu.

Kompyuta ya zamani nayo walikuwa wameitupa. Nikachomeka disketi kwenye mpya. Ikatokea meseji, disketi haisomeki, unataka kuiformat? Wakuu, nilidhani inauliza kama nataka iitengeneze. Nikabonyeza ndiyo.

Ilifuta kila kitu mbele ya macho yangu. Nakala nyingine sikuwa nayo. Miaka ile nani alikuwa anafikiria backup?

Alhamisi iliyofuata, simu ya ofisi ikalia. Karen. Baba yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anataka kuzungumza.

"Josphat? Boksi liko salama?"

Nilikuwa nimepanga kusema ukweli. Nikasikia ile sauti, imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Liko salama, mzee."

"Nisomee kidogo."

Nikamsomea. Yaani, nikajifanya nasoma. Nilisimulia ya baba yake na mboga za mwenyekiti, kwa kichwa. Akacheka. Nikasikia na Karen anacheka nyuma.

Ikawa kila Alhamisi. Kwa muda nilikuwa na vya kusimulia. Kisha vikaniishia, na yeye bado anasema, "Nisomee."

Ndipo nilipomtunga Tom.

Nilimpa njiwa wa mashindano. Nikampa mguu mbovu alioupata kiwandani. Wiki iliyofuata nikamfanya aruke majini bandarini, mwezi wa baridi, akaokoa mtoto aliyeteleza. Nikasema klabu ilimpa saa ya mfukoni na watu wakasimama kumpigia makofi.

Kisha nikamsikia analia.

"Tom," akasema. "Namkumbuka Tom. Alikaa pembeni ya mlango."

Nilikata simu.

Mzee Nasir alikuwa mezani kwake, amesikia yote. Hakufoka. "Josphat, mtu huyu akili yake yavuja. Na wewe wamtilia maji ya bandia. Mwambie bintiye."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Alan alianza kumhadithia Tom kila anayemtembelea. Karen aliniambia kwa furaha kwamba baba anakumbuka mambo siku hizi. Jina la mke wake hakulijua tena, wala la ndugu zake. Tom alimjua.

Alifariki 2004. Karen akapiga simu mwenyewe.

"Mazishini nilisimulia habari za Tom," akasema. "Watu wa maktaba walikuwepo. Wanataka kuweka meza ndogo ya kumbukumbu za klabu, Tom awe katikati. Tuma boksi, Josphat. Nitalipia usafirishaji."

Hapo ndipo nilipomwambia. Yote. Stoo, jaa, disketi, Tom.

Karen alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba alikufa anamwita huyo mtu," akasema. "Aliniacha mimi nimeshika mkono wake, akawa anamwita huyo. Sasa niwaambie nini watu?"

Akakata. Niliandika barua mbili, hazikujibiwa. Nilikaa Muscat miaka mitatu zaidi, na kila Alhamisi simu ya ofisi ikilia nilitoka nje.

Nimewahi kujaribu kuandika ninayoyakumbuka kwenye daftari, angalau majina. Yule mlinda mlango aliyekataa kumruhusu mwanawe aingie bila kusaini. Yule mama wa jikoni wakati wa mgomo. Yule mpiga piano asiye na vidole viwili. Nikaacha. Mlinda mlango nina uhakika naye. Mama wa jikoni, nadhani. Mpiga piano siwezi kuapa kama nilimsoma Ijumaa au nilimtunga Alhamisi.

Mji mzima ulipita mkononi mwangu, na nilichobaki nacho siwezi kukitenganisha na uongo wangu.

Funzo? Sina kubwa. Mkiachiwa makaratasi na mzee yeyote, andikeni jina juu leo, si kesho. Na mkipoteza, semeni siku hiyohiyo, kabla huruma haijawageuza waongo.

Karibuni mchangie, na mwenye kutaka kunisema vibaya aseme, sitabishana. Mwenye swali kuhusu klabu ile aulize pia. Nitajibu ninachokijua, na nisichokijua safari hii nitasema sijui.