Chupa ya Watoto Wawili

Mimi sina haya ya kujisifu, na kwa jambo hili nitajisifu mpaka nichoke. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, chanjo mpya ilipofika kwenye zahanati yetu ndogo huko Kabuchai, muuguzi wa zamu nilikuwa mimi, na mtoto wa kwanza kuipata alikuwa wangu.

Chanjo yenyewe ilikuwa sindano moja ya kukinga magonjwa matano. Ilikuja ya unga na ya maji. Ukichanganya, unapata dozi za watoto wawili, si mmoja, si watatu. Na ukishachanganya huna muda: kliniki ikifungwa kabla hujaimaliza, iliyobaki unaimwaga. Wakubwa wetu mjini Bungoma walikuwa wametuonya kwamba dawa hiyo ni haba na kila tone litakalomwagwa tutalitolea maelezo. Sanduku lake la barafu nililibeba kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ya kliniki akina mama walikuja wengi kuliko kawaida, nikafurahi bure. Walikuja kutazama tu.

"Ati magonjwa tano, sindano moja?" mmoja aliuliza. "Si hiyo ni sumu, bana?"

Mwingine akasema ni njama ya kuwafunga wasichana uzazi. Nilieleza hadi koo likanikauka.

Mbele kabisa, kwenye benchi, alikaa mama mkongwe ambaye sote tulimwita kukhu, yaani nyanya. Kando yake alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe, amempakata mtoto mchanga wa kiume, mwembamba wa kutia huruma. Habari zao nilizijua. Mwaka uliotangulia mjukuu mwingine wa kukhu alichanjwa ile chanjo ya zamani, akapandwa na homa, na kabla ya wiki kwisha wakamzika. Mimi niliamini iliyomuua ni malaria, maana msimu ule haikubakisha nyumba. Lakini kukhu aliona sindano, halafu akaona kaburi, na huwezi kumlaumu. Sasa kifaduro, mojawapo ya magonjwa yale matano, kilikuwa kimeingia kijijini, watoto wanakohoa mpaka wanatapika, na huyu mwembamba kisingemwacha. Kati ya watoto wote waliokuwa pale, huyo ndiye niliyetaka kumchanja kuliko wengine.

Kukhu aliniacha nimalize hotuba yangu. Kisha akaninyooshea fimbo kifuani. Gauni langu jeupe lilikuwa limelowa maziwa.

"Daktali, wewe unanyonyesha," akasema. "Wako ako wapi?"

"Ako Kiminini, kukhu, kwa mama yangu."

"Na amedungwa hii?"

"Bado. Nilikuwa nimpeleke Kitale wiki hii."

Benchi zima likaguna.

"Kwetu," akasema kukhu, "mtu akitupikia pombe, anaonja yeye kwanza, wageni wakiona. Kama hataki kuonja, tunarudi nyumbani."

Akainuka, mkwe wake akainuka, wengine wakafuata. Nikabaki mimi na sanduku langu la barafu.

Mimi nililelewa Kiminini katika nyumba ya wakulima waliohamia kutoka Mkoa wa Kati, watu wa kanisa ambao hata chupa tupu ya pombe haikuvuka lango lao. Desturi za mtungi ningezijulia wapi? Mwanzoni nilikasirika, kisha njiani kurudi nikaelewa kwamba yule mama hakunitukana. Alinipa sharti, na sharti lake lilikuwa la haki.

Mama yangu hakuona haki yoyote. "Wewe una wazimu? Mjukuu yangu si ng'ombe ya sho ya wakulima, ati apelekwe watu wamuangalie."

"Mama, si ng'ombe zako ulizidunga zote bila kuuliza?"

"Zilidungwa hapa kwa boma yangu. Si huko kwa watu."

Hatukusemezana vizuri mpaka kliniki iliyofuata. Lakini asubuhi hiyo nilimkuta amemwogesha mtoto, amempaka mafuta akang'aa, na amemvika nguo za kwenda kanisani.

"Kama ni kuangaliwa," akasema, "wamuone akiwa msafi."

Zahanati ilijaa hadi dirishani. Nilichanganya dawa mbele ya macho yao, nikavuta dozi ya kwanza, nikamweka mwanangu mapajani mwa kukhu mwenyewe amshike, nikamdunga. Mtoto alilia, na mimi machozi yakanitoka, sindano iko mkononi mwangu. Nilimchukua nikamnyonyesha palepale, wote wakitazama.

"Sasa huyu wenu," nikasema.

"Tungoje," akajibu kukhu. "Wa kwetu hakukufa siku ileile. Tulale, tuone."

Dozi moja ilikuwa imebaki chupani na isingeweza kuiona kesho, na siku ya kliniki nyingine ilikuwa bado mbali. Nilimtazama yule mtoto mwembamba, nikamkasirikia kukhu, na hasira hiyo ndiyo iliyonipa maneno.

"Kukhu, mwenye pombe akishaonja, huwa mnangoja mpaka kesho ndio mnywe?"

Kisha mtu akacheka huko nyuma, mara zahanati nzima ikaangua kicheko, wanawake wakagongana viganja. Kukhu hakucheka.

"Wewe ukishadunga utaenda zako Kiminini," akasema taratibu. "Sisi ndio tutabaki na mtoto."

Hapo nikajua hasa kilichokuwa kikimuuma. Mwaka ule mwingine walibaki peke yao na homa, na hakuna aliyerudi hata kuuliza.

"Siendi popote," nikamwambia. "Leo nalala kwako, mimi na wangu. Kitakachompata wako kitampata na wangu."

Alimchukua mjukuu kutoka kwa mkwe wake, akamfunua paja mwenyewe. Nikamdunga. Mtoto akalia, chupa ikaisha.

Watoto wote wawili walipata joto usiku, kama nilivyokuwa nimewaeleza. Tuliwapangusa kwa kitambaa cha maji, mkwe na mimi tukapokezana kunyonyesha, na kukhu hakufumba jicho. Sitadanganya, hata mimi sikulala. Kulipopambazuka yule mwembamba alikuwa akinyonya kwa pupa, na wangu alikuwa amelowesha leso ya kukhu yote.

"Wameamka," kukhu akasema. Akalia kidogo, akajipangusa uso kwa leso hiyohiyo, kisha akaenda kunipikia chai.

Kliniki iliyofuata nilikuta foleni imepita ua. Wa kwanza alikuwa mama mgeni, ameolewa hapo karibuni, na siku ile hakuwapo. Nilipomkaribia alinishika mkono.

"Sista, ngoja kwanza. Mimi hii dawa siijui."

Kabla sijafungua kinywa, sauti ilitoka kwenye benchi la mbele. Kukhu alikuwa amempakata mjukuu wake, naye sasa alikuwa ameanza kuota mashavu.

"Ilionjwa," akasema. "Mtoto ya daktali alionja, wetu akafuata. Keti."

Yule mama akaketi na kumfunua mtoto paja. Nikachanganya chupa, nikauliza wa pili ni nani, na watoto walioinuliwa mbele yangu walikuwa wengi kuliko dozi nilizobeba.