Sabuni Saba za Biskuti

Muuza duka akikata sabuni ya mche kwa waya mbele yangu, na ile harufu nzito ya mafuta na magadi ikanifikia, hasira hunipanda hadi leo. Siwaambii haya ili mnionee huruma. Mimi ni mtu wa kinyongo, nimezaliwa nacho, na wanangu wanajua kwamba ukinikosea Jumatatu usidhani nitakuwa nimesahau Jumatatu ya mwaka unaofuata. Juzi tu, hapa nyumbani Ntinda, Kampala, binti yangu wa mwisho aliniletea simu yake nione hesabu za kijibwa anachotaka kufuga: chakula cha kopo, chanjo, daktari, sabuni ya maji yenye harufu ya maua, na jumla ya mwezi hapo chini. Akauliza kama kuna kitu amesahau. Nilimwambia gharama za mbwa mdogo nazijua kuliko yeye, kisha nikaingia jikoni, maana sikutaka auone uso wangu.

Wa kwetu aliitwa Biskuti. Mwaka ule Wahindi walipopewa siku tisini wawe wameondoka, baba alikuwa koplo wa polisi, na zamu yake ilikuwa kwenye mtaa mmoja wa Nakasero wenye nyumba kubwa na miti mirefu. Mama mmoja mjane wa Kihindi alimwita getini, akamkabidhi kijibwa cheupe chenye masikio ya kahawia, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mwandiko mzuri mahitaji ya mbwa huyo kwa mwezi: nyama ya kusaga, maziwa, biskuti za siagi, poda ya viroboto, blanketi dogo la kubadilisha. Jioni baba alimsomea mama karatasi ile huku akicheka hadi akashika mbavu.

"Hii mbwa inakula kushinda Inspekta!" alisema.

Mama hakucheka. Alikuwa Mwislamu wa Bombo, mtoto wa Wanubi, aliyeolewa na Mkatoliki wa Lira. Alikwisha kumeza mengi kwa ajili ya ndoa hiyo, na mbwa hakuwemo katika makubaliano.

Nililia hadi nikapata kwikwi. Baba, ambaye aliamini kwamba jambo lisiloandikwa kwenye kitabu cha kituo halikutokea, aliniletea daftari jipya. Akaniambia niandike kila kitu mbwa atakachohitaji mwezi mzima, na mbele yake niandike kitatoka wapi. Nikishindwa, mbwa anaondoka. Nilikuwa na miaka kumi. Kwa siku mbili nilikaa na karatasi ya yule mama nikiipunguza kidogo kidogo. Nyama ya kusaga ikawa mifupa ya mchinjaji wa soko la Nakasero, ambaye alikuwa mteja wa njugu za kusaga za mama. Maziwa yakawa ukoko wa posho, yaani ugali wetu wa mahindi, ulioloweshwa. Poda ya viroboto ikawa mafuta ya taa na kucha zangu. Biskuti nilizifuta kabisa, tukambakishia jina. Jumla ilitoka shilingi tatu kwa mwezi. Baba aliipitia hesabu ile kama kesi ya wizi wa ng'ombe, akatia sahihi chini, na mbwa akawa wetu.

Tulikaa kwenye laini za askari, zile nyumba za safu za polisi, chini karibu na reli ya Namuwongo, chumba na sebule. Mama aliweka sheria zake: Biskuti asivuke kizingiti, asisogelee jiko, na mkeka wa kuswalia asiuone hata kwa mbali. Sheria hizo mbwa alizishika kuliko mimi nilivyozishika zangu.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Sajini, msimamizi wa laini. Zamani aliitwa Maiko. Jeshi liliposhika nchi, naye akaona upepo unavumia wapi, alisilimu ndani ya wiki moja, akawa Majidi, na haukupita muda akaongezewa tepe. Wapo waliosilimu kwa moyo, na mama aliwaheshimu sana. Huyu alisilimu kwa mshahara. Alijifunza kuvaa kofia, kushika tasbihi na kukemea watoto wa wenzake, na hapo elimu yake ikaishia.

Mtakumbuka, ninyi wa umri wangu, jinsi sabuni ilivyoadimika. Sukari na chumvi vilikwenda kwa magendo, lakini sabuni ndiyo iliyotuaibisha, kwa sababu njaa unaweza kuificha na uchafu huwezi. Watu walifulia majani ya mpapai. Askari walipewa mgao wa vipande vinne kwa mwezi, na mama aliviweka ndani ya sanduku chini ya nguo zake za harusi.

Asubuhi moja Sajini alisimama mlangoni petu na sufuria mkononi.

"Koplo, hii mbwa yako imelamba sufuria yangu. Dini inasema naosha mara saba. Mara saba ni sabuni saba. Nani analipa?"

Tangu alfajiri Biskuti alikuwa amefungwa kamba mbele ya macho yangu. Nilifungua mdomo niseme. Baba akanikata jicho.

"Ndiyo, Afande. Tunalipa."

"Na mwezi kesho italamba tena," Sajini alisema, akitabasamu. "Mbwa ni mbwa. Basi munaleta tu kila mwezi, ile tarehe ya mshahara. Mukikosa, mimi napiga hiyo mbwa risasi."

Mama alikuwa akikoroga uji. Hakuinua kichwa.

Basi nikaongeza mstari kwenye daftari langu: sabuni ya Sajini, vipande saba. Mstari huo mmoja ulizidi gharama nyingine zote za mbwa mara kumi. Vinne vilitoka kwenye mgao wa baba. Vitatu nilivitafuta mwenyewe kwa mama mmoja wa Kikongo aliyefanya biashara kando ya reli. Alinilipa nusu kipande kwa kila debe la njugu nililomenya, na vidole vyangu vya gumba vilivimba hadi nikawa siwezi kushika kalamu shuleni. Sisi wenyewe tulifua kwa mpapai. Sare yangu iligeuka rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa, na mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa awaonyeshe wenzangu ukosefu wa usafi. Kila aliponisimamisha nilimtaja Sajini moyoni kwa majina ambayo kama mama angeyasikia angenipaka pilipili mdomoni.

Mwezi wa tatu nilifanya ujanja. Kabla ya kupeleka sabuni, niliuma pembe ya kipande kimoja, nikaacha alama ya meno yangu, pamoja na pengo langu la mbele. Siku mbili baadaye nilikiona kipande hicho kikiuzwa kwenye kibanda kimoja kando ya reli. Nilikimbia kumwambia baba.

"Anauza, Baba! Haoshi sufuria, anauza!"

"Najua," baba alisema, na kuendelea kufunga kamba za viatu. "Wewe andika, ulipe."

Nilimdharau siku ile. Naandika hivi kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimtazama baba yangu mwenye sare nikamwona mwoga.

Tulilipa miezi kumi na minne. Kisha, mwisho wa Ramadhani, mama yake mama akaja kutoka Bombo kutusalimia. Tulimwita Habuba, kama Wanubi wanavyomwita bibi. Alinikuta uani nikipanga vipande saba kwenye kitambaa, akauliza ni vya nini. Nikamweleza kwa heshima, nikijivuna kidogo kwamba naijua dini: sufuria iliyolambwa na mbwa huoshwa kwa sabuni saba. Habuba alicheka hadi akalazimika kuketi kwenye ndoo.

"Sabuni? Nani alisema sabuni? Ni maji mara saba, na moja unaweka udongo. Udongo, mjukuu wangu! Hii ya chini, ya bure!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia jambo kwa Kinubi, haraka na kwa ukali, na kicheko cha Habuba kikakatika. Kisha akanishika sikio.

"Umesikia, sasa sahau. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Sikujiuliza ilikuwaje mama yangu, aliyeswali mara tano kwa siku tangu utoto wake, asijue habari ya udongo. Nilidhani anaona haya kwamba tumefanywa wajinga. Na mimi kufanywa mjinga ndicho kitu nisichoweza kumsamehe mtu.

Siku ya Idi Sajini alitandika viti nje ya nyumba yake na kualika wakubwa. Alikuja shehe wa laini, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe, na alikuja Mkubwa mmoja wa makao makuu ambaye hata gari lake lilisalimiwa. Mimi nilivaa gauni langu la Idi. Nilikuwa nimechimba udongo mwekundu kando ya reli, nikauchekecha kwa chekeche ya unga ya mama, nikautia kwenye beseni na kuufunika kwa kitambaa cheupe. Niliufanyia kazi udongo ule kwa mapenzi, jamani, wala sikuharakisha. Kisha nikaenda, nikapiga magoti mbele ya wageni kama wasichana wa Kampala wanavyofundishwa.

"Idi njema, Afande. Mimi ni mtoto wa Koplo wa mlango wa tatu. Nimeleta udongo wa kuosha sufuria yako. Habuba anasema dini inataka udongo, haitaki sabuni. Naomba unarudisha sabuni yetu, iko tisini na nane."

Vijiko vilisimama. Shehe aliuliza, sabuni gani? Nikafungua daftari, nikasoma mwezi baada ya mwezi kwa sauti ya mtoto anayesoma darasani. Nilipomaliza, mzee yule alimgeukia mwenyeji wake kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Sajini, nani alikufundisha sabuni?"

Mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi wali ukamtoka puani, na kwa kuwa yeye amecheka, kila mtu akapata ruhusa. "Sajini Sabuni!" alisema akijipangusa macho, na jina likakaa papo hapo. Sajini naye alicheka, kwa meno tu. Nilimwona jasho likimtoka chini ya kofia na kuteremka shavuni. Sikuondoa macho. Moyoni nikamwambia, haya, hiyo nayo uoshe mara saba. Shehe alinipakulia pilau kwa mkono wake, na sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Baba alikuwa na fulana, anang'arisha viatu. Nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye jasho la Sajini niliigiza. Brashi ilisimama.

"Mkubwa alicheka?" akauliza.

"Sana, Baba."

"Na Sajini?"

"Alicheka pia."

Hakunipiga. Mama, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani. Alifungua sanduku akatoa shati la kiraia na nauli iliyokunjwa ndani ya leso, kana kwamba vitu hivyo vilikuwa vikingoja hapo siku zote. Jua lilikuwa bado juu baba alipopanda gari moshi la mizigo la kwenda Tororo, mpakani, akisaidiwa na fundi wa reli aliyefahamiana naye. Aliniwekea mkono kichwani akaniambia nimsaidie mama. Nilidhani ametumwa kikazi.

Siku ya tatu walikuja wanaume wanne wenye mashati ya maua na miwani myeusi, kama walivyovaa majasusi wa serikali siku zile. Sajini alikuwa nyuma yao akiwaonyesha mlango wetu. Walichana godoro, wakamuuliza mama maswali huku wamemshika nywele, wakaondoka na redio. Sajini alibaki nyuma kidogo.

"Mimi nilificha yeye mwaka nzima, Mama," alisema. "Uliza mtoto wako kwa nini mimi nimechoka."

Sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilimtemea mate karibu na kiatu.

Mama alinieleza nilipokuwa msichana mkubwa, wala hakunieleza kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. Kila mwisho wa mwezi Sajini alitakiwa kupeleka makao makuu majina ya askari wa Lira na Gulu waliobaki kwenye laini zake, maana hao walihesabiwa watu wa rais aliyepinduliwa. Wenzake baba walichukuliwa mmoja mmoja, wengine wakiwa na kiatu mguu mmoja, wasirudi. Kila mwezi Sajini aliandika orodha hiyo na kuruka jina moja. Sufuria na mbwa vilikuwa ni maneno ya kuzungumzia mlangoni, ili watu wawili wanaojua wanachouziana wasilazimike kukitaja mbele ya watoto. Na mama, mjuzi wa udongo tangu akiwa mdogo, alifua kwa mpapai miezi kumi na minne akafunga mdomo.

Baba alirudi baada ya vita vilivyoiondoa serikali ile, mwembamba, kichwa cheupe. Biskuti alikwisha kufa kwa uzee. Tangu mama aliponieleza nilikuwa nimelitunza swali langu, na nilimuuliza kabla hajamaliza chai: kwa nini hukuniambia?

"Mtoto akishajua bei ya baba yake," alisema, "atakaaje naye mezani?"

Nikamuuliza kuhusu Sajini, nikitaka tumlaani pamoja. Baba akasema kwenye laini nyingine waliombwa ng'ombe, na wengine mabinti. Yule alitaka sabuni tu. Mimi hesabu za namna hiyo sizikubali, na nilimwambia hivyo mzee wangu, tukanuniana siku nzima.

Sajini alikimbia wakati wa vita, na hakuna anayejua aliishia wapi. Kama yu hai namwombea umri mrefu wenye upele, asipate hata povu la kuogea. Nitakufa nikimchukia. Lakini mtu huyo aliniuzia baba yangu mwezi kwa mwezi, kwa bei ambayo mtoto wa miaka kumi aliweza kuitafuta kwa vidole vyake, na ni mimi niliyeacha kulipa.