Mursik ya Ndugu Yangu

Ndugu yangu anajua kutengeneza kibuyu cha maziwa kuliko mwanamke yeyote hapa kwetu Kimulot. Hilo ndilo kosa lake lote.

Mama alipopooza upande mmoja, mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya, na Baba alikuwa Baba. Basi ndugu yangu akaacha kazi ya duka Nakuru, akarudi. Akawa anamwogesha Mama, anamgeuza, anamchana nywele. Akakamua ng'ombe. Vibuyu vilikuwa vimekauka ukutani, akamuuliza Mama vinafanywaje, naye akamwelekeza: choma kijiti, sugua ndani na makaa yake mpaka pawe peusi, ndipo umimine maziwa yagande yawe mursik. Kwetu hiyo ni kazi ya mwanamke. Mwanaume anakunywa mursik, hatengenezi.

Kwenye kituo cha majani chai, tukingoja lori, wanawake wakaanza.

"Mama mtoto, huyo ndugu yako tumtafutie bibi ama bwana?"

"Si unaona anavyotembea? Kama bibi arusi!"

"Hao hulipwa na wazungu, shauri yenu."

Analipwa! Gambuti yake ina kiraka cha tyubu ya baiskeli. Kama kuna mzungu wa kumlipa, basi amepotea njia.

Kama ni kweli ama si kweli, mimi sijui. Sijamuuliza. Mimi nilizaa nyumbani bila bwana, wakanisema mpaka wakachoka. Yeye hawamchoki, na alichofanya ni kuosha mama yake.

Halafu ikaja koito, sherehe ya uchumba wa binti ya baba mdogo, ikafanyiwa kwetu. Wageni walitoka Sigowet. Mursik ilikuwa ya ndugu yangu, hakukuwa na nyingine. Senge, dada ya Baba, akawanong'oneza wanawake wa upande wa bwana arusi. Nikaona kibuyu kikipita mkono kwa mkono. Kila mmoja anakipokea kwa heshima, anampa jirani, hakuna anayemimina. Mgeni wa koito akikataa mursik amekataa nyumba. Wazee wakaanza kutazamana. Msichana wetu machozi yakamtoka.

Nikalipuka. "Senge, hii maziwa iko na ugonjwa gani? Kunyweni ama mseme!"

Senge hata hakupandisha sauti. Aliwageukia wageni. "Mnaona? Kama si kweli, hasira ni ya nini?"

Ndugu yangu alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Akaiweka chini, akaingia kumgeuza Mama. Baba akaagiza soda dukani. Koito ikaendelea.

Jioni Baba akamwambia ndugu yangu bila kumwangalia, "Enda kwanza. Harusi ikipita tutaona."

Nilipiga kelele mpaka mtoto akalia. Ningemwambia nani? Pasta? Ndiye aliyeombea zile soda. Chifu? Hapo ingeandikwa kesi ya ndugu yangu, si ya Senge.

Akaenda Sotik. Harusi imepita. Hakuna aliyemwambia rudi, na yeye akipiga simu haulizi. Anauliza tu Mama amekula nini.

Sasa namwogesha mimi, mtoto mgongoni, majani yakikomaa shambani bila mchumaji. Jana nilimwinua Mama kwa ule mkono wake uliopooza, akalia.

"Yeye hakuwa ananivuta," akasema.

"Najua, Mama."

Nikashika tena mkono uleule, kwa sababu sijui yeye alikuwa anashika wapi.