Mpima Nyota na Ufagio Wangu

"Mama, umeigonga darubini na ufagio wako! Vipimo vyote vimeharibika!" Hivyo alinifokea mpima nyota mbele ya msimamizi, nikaona kibarua changu kinaota nyasi. Mtu mwenyewe hupanga picha za nyota yenye mkia mezani kama karata, ahesabu saa kutoka mng'ao hadi mng'ao, apate kujua inajizungusha kwa muda gani. Ana kalamu sikioni, nyingine mdomoni, na bado anauliza kalamu iko wapi. Jana alinyakua kiazi changu cha mchana, akakizungusha mbele ya taa, akaduwaa.

"Kumbe nyota yangu ni ndefu kama hiki! Mzunguko mmoja, ubavu mpana unang'aa mara mbili. Basi haizunguki kwa saa sita, bali kwa saa kumi na mbili; vipimo vilikuwa sawa, ufagio wako hauna kosa. Nisamehe, mama."

"Ulinifokea mbele ya msimamizi. Kasemee hukohuko."

Akaenda, akasema yote, hata la kiazi. Nikamsamehe.