Nyonga ya Mama Inangoja Utulivu

Daktari wa mifupa aliinua picha ya nyonga ya mama dirishani, akatuonyesha mahali mfupa unaposagana na mfupa. Alisema kiungo kinaweza kubadilishwa, na wakati mzuri ni sasa, kabla mfupa haujaliwa zaidi. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Dokta, kisha kunipasua, nitaanza kukimbia tena wakati gani?"

Daktari, mgeni katika mji wetu, alitabasamu. "Mama, na miaka yako, unakimbia unaenda wapi?"

Mama mdogo, aliyetusindikiza, ndiye aliyejibu. "Weye haukumuona. Siku tulikimbia vita kule Djugu, alitupita siye wote na fimbo yake. Mbuzi tu ndio ilimushinda."

Tulicheka, isipokuwa mama. Daktari akaeleza: majuma mengi ya magongo, kisha kutembea. Kukimbia asitegemee.

"Basi tungoje kwanza inchi itulie," alisema mama.

Sikubishana. Niliwajua wazee walioachwa vitandani siku ile tulipotoka kijijini.

Tukangoja. Kila kulipotulia, madereva wa moto, yaani pikipiki, walirudi kutoka njia ya Mongbwalu na habari za kijiji kingine kilichochomwa, mama akaahirisha upasuaji. Aliacha kwenda sokoni, kisha kanisani. Mwishowe akawa anaogeshwa akiwa ameketi.

Asubuhi moja milio ya risasi ilisikika nyuma ya mtaa wetu wa Ngezi. Majirani walitoka na magodoro kichwani. Mama alishika ukingo wa kitanda, akainuka nusu, akaanguka kitako. Akajaribu tena.

"Muende," alituambia.

Hatukwenda. Milio ikanyamaza kabla ya mchana, na watu wakarudi na magodoro yao.

Kesho yake nilimwambia, "Mama, kukimbia kumekwisha. Turudi kwa dokta."

"Wakinipasua, mutanibeba. Wasiponipasua, mutanibeba. Muniache na mguu yangu."

Nilikwenda hospitali peke yangu. Yule daktari alikuwa amerudi kwao, na muuguzi hakujua kama atakuja tena. Nikanunua dawa zilezile za maumivu alizokuwa akimeza mama.

Jioni nilizunguka kwa majirani wenye nguvu, nikiuliza nani atanisaidia kumbeba mama tukikimbia. Hakuna aliyenikatalia kwa mdomo. Kila mmoja alinielekezea kwa kidevu mlango wa nyumba yake, ambako mtu wake wa kubebwa alikuwa ameketi.