Nimefufua pinball kuukuu hapa Kibiti ili nyumba ipate kelele

Wakuu, habari za humu. Hii ni kweli tupu, na anayepita Kibiti nitamuonesha mashine yenyewe.

Mimi ni fundi, nasuka upya mota za feni na pampu za maji. Mke wangu, Mama Shani, alifariki mwaka jana. Mpaka arobaini nyumba ilijaa watu, mikeka haikutosha. Baada ya hapo kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Shani mwenyewe ameolewa Lindi.

Nikabaki na redio. Redio ukiongea nayo haikujibu.

Siku moja pale Nyamwage nikaikuta pinball kwa muuza skrepa, imetoka kwenye kambi ya wageni iliyofungwa huko delta.

Kwa wasioijua: ni meza yenye kioo juu. Unapiga goroli la chuma kwa vibao viwili, linagonga huku na huku, taa zinawaka, kengele zinalia. Likitumbukia chini, zamu yako imeisha.

Nikawaza, kengele zikilia majirani watakuja. Sababu ni hiyo tu, wakuu. Nilikuwa naiogopa nyumba yangu mwenyewe.

Bajeti ilikuwa ya kuungaunga. Chumvi ya bahari huko delta ilishakula waya, nikasuka koili upya kwa shaba ya feni mbovu. Raba zote zimeoza, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli. Goroli nikalitoa kwenye bearing ya trekta.

Angalizo: inatumia volti 110. Usichomeke bila transfoma. Msiulize nimejuaje.

Ikawaka. Kengele zikasikika mtaa mzima.

Hakuja mtu!

Watu wakawa wanapita wanatazama chini. Hata Bi Mwajuma wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiniletea mboga, akaacha. Mwisho akaja ustadhi wa msikiti wetu, akakataa kuketi.

"Baba Shani, msiba haujapoa, ushatuletea kamari mtaani?"

Nikashtuka. Kumbe ni tundu la kuingizia sarafu, pale mbele ya mashine! Kwa ufundi wangu nilikuwa nimelisugua kwa msasa hadi linang'aa. Watu wamechungulia dirishani, wakaona dubwi la kamari.

Nikaling'oa mbele yake, nikaziba kwa kipande cha ubao, nikafunga swichi ya kengele ya mlangoni. Unabonyeza, unacheza bure. Ustadhi akajaribu "kuhakikisha tu". Alihakikisha sana, wakuu.

Jumapili alasiri majirani wakaja, sebule ikajaa. Zamu ya Bi Mwajuma goroli likagoma kuanguka, kengele zikalia mfululizo, watu wanashangilia. Nilifurahi nikajisahau kabisa. Nikageukia chumbani, nikaita:

"Mama Shani! Njoo uone!"



Bi Mwajuma akaachia vibao, goroli likatumbukia. Akanishika mkono.

"Tupo sie, Baba Shani. Twaona."

Nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilichojifunza: mashine imeniletea watu, haikumleta niliyemtaka. Wakiondoka, nyumba ni ile ile. Ila sasa nalia mtu akiwepo, na kuna nafuu.

Mwenye kujua raba halisi zinapatikana wapi anielekeze.

Na wewe uliyefiwa na mwenzio, ukimuita kwa kusahau, nani anakuitikia? Niandikieni, nasoma zote.