Nilimkatalia Mpiganaji Wetu Kazi ya Pili

Kosa ni langu. Nianzie hapo hapo, maana nimechoka kulizungusha. Jina langu usilitaje, hapa mjini Baraka tunajuana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulipokuwa wakimbizi ng'ambo ya ziwa, nilifundishwa mchezo wa mezani. Kila mchezaji anajitungia mtu wa kale, mpiganaji au mganga au mwizi, anamwandika kwenye karatasi, kiongozi anasimulia safari yao, na dadu inaamua nani anapona. Tuliporudi nikauleta huku, nikawa kiongozi. Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana watu wanne uani kwa Rajabu, ambaye baba yake ana maboti.

Kanuni yangu ilikuwa mtu mmoja, kazi moja. Kwenye mchezo tu, jamani! Mimi mwenyewe asubuhi nafundisha, mchana nalima muhogo, jioni natengeneza simu za watu. Na Rajabu nilishamruhusu mwizi wake ajifunze uchawi, kwa sababu ua ni wake na chai ni yake.

Mwenzetu mwingine nitamwita Asukulu. Mpole, mikono mikubwa. Mpiganaji wake ndiye aliyekuwa ngao yetu, safari nzima yeye mbele. Jumapili moja akaiweka dadu chini bila kuirusha.

"Mwalimu, mi naomba kitu. Huyu muntu wangu amechoka kupiga batu. Nataka ajifunze kutunza bagonjwa."

Nilikuwa nimeandika vita vitatu kwenye daftari, wiki nzima naandika. Bila mpiganaji vyote vinaharibika. Nikamjibu haraka, kama ninavyomjibu mwanafunzi anayeomba kutoka nje.

"Hapana. Aliyeshika panga abaki na panga. Mukono ya kuua haiwezi kushika dawa. Na we ukiacha, nani atakaa mbele?"

Yesu wangu, maneno gani yale!

Rajabu aliinamisha kichwa. Huku kwetu mtu aliyetoka porini haulizwi. Anapewa chakula, anapewa shamba, yanaisha. Asukulu alichukuliwa na wenye silaha akiwa na miaka kumi na miwili. Sote tunajua, na hakuna aliyewahi kuligusa. Nikaligusa mimi, tena kwa ajili ya daftari!

"Kumbe hata huku ni mimi wa kuwekwa mbele," alisema. Hakupaza sauti. Aliikunja karatasi ya mpiganaji wake, akaiacha mezani, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Hata mimi alinipa mkono.

Na unajua nini? Nilikasirika! Nilimwona mtu wa kususa, ananivunjia mchezo. Siku tatu sikumtafuta.

Siku ya nne nikakutana na dada yake sokoni, ananunua majani ya muhogo. Akaniuliza tulimfanya nini ndugu yake.

"Alikuwa amepata nafasi kwa école ya bauguzi," akaniambia, yaani shule ya uuguzi. "Alitaka aanze kwa muchezo yenu, aone mutasema nini. Sasa hataki tena. Anasema batu banamujua."

Nilisimama pale sokoni na kifurushi changu cha chumvi.

Nilimfuata hadi Kazimia, kando ya ziwa, alikokwenda kupakua samaki. Nilimkuta amebeba begani gunia la ndagala, dagaa wa ziwani. Nikamwomba msamaha mbele ya wabebaji wenzake, nikamwambia kanuni ile ilikuwa upuuzi wangu, mpiganaji wake awe mganga hata leo, na shule aende, bado hajachelewa.

"Ilikuwa muchezo tu, mwalimu," alinijibu. Akatabasamu kwa heshima, akarudi kwenye boti kuchukua gunia jingine. Nilimsubiri mpaka boti ikaisha mzigo. Hakurudi upande wangu.

Shule ilianza bila yeye. Jumapili hatuchezi tena. Rajabu tukikutana tunasalimiana tu.

Ninyi mnaoongoza meza, nawaomba sana. Mtu akitaka mpiganaji wake aongeze kazi ya pili, msikimbilie kanuni, wala daftari lenu. Muulizeni kwanza kwa nini. Mimi sikuuliza! Karatasi ya Asukulu ninayo nyumbani, chini ya "mpiganaji" nimeandika "mganga" kwa kalamu ya wino. Nimeiandika mwenyewe, na mwenyewe ndiye ninayeisoma.